Alfa ya Nani? Umilikaji wa Kilatini katika Anga ya Thika na Ruiru

Ipo nyota ambayo mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya huisikia mapema kuliko nyingine nyingi, nayo ni Alpha Centauri. Huambiwa kwamba miongoni mwa nyota zionekanazo kwa macho matupu, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua, umbali wa miaka 4.37 ya mwendo wa nuru. Hulikariri jina hilo, hulijibu katika chemshabongo, kisha hulisahau. Jambo asiloambiwa ni kwamba jina hilo, kwa hakika, si jina bali ni kirai. Lina nomino mbili, na ile ya pili imeambishwa ili ionyeshe kwamba ya kwanza ni mali yake. Kundinyota lenyewe huitwa Centaurus. Centauri maana yake ni "ya Centaurus". Kwa hiyo asemaye "kundi la Centauri" amesema, bila kujua, "kundi la ya Centaurus", na wasemao hivyo si watoto wa shule peke yao.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, aliyekuwa akifundisha katika shule ya kutwa mjini Thika na kuishi Ruiru, alikumbana na kirai hiki mwanzoni mwa mwaka wa 2020. Chama cha sayansi cha shule hiyo kilikuwa na chati ya nyota iliyochapishwa kwa Kiingereza. Mlezi wa chama, ambaye alifundisha fizikia, alimwomba mwenzake aiandike upya kwa Kiswahili ili ibandikwe ukutani. Mwalimu wa Kiswahili aliahidi kuimaliza mwisho wa juma. Kazi hiyo ilimchukua wiki tano, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea ndani ya matatu kati ya Ruiru na Thika, mwendo wa takriban kilomita 20, akiwa na karatasi magotini iliyojaa maneno yenye miisho ambayo hakuna kamusi ya Kiswahili iliyomweleza.

Asili ya miisho hiyo ni bayana. Mwaka wa 1603, huko Augsburg, Johann Bayer alichapisha atlasi ya nyota iitwayo Uranometria. Kabla yake nyota nyingi zilitambulishwa kwa maelezo marefu: ile iliyo kwenye goti la fulani, ile iliyo kwenye ncha ya mkia wa fulani. Bayer alizipa nyota za kila kundi herufi za Kigiriki, aghalabu akianza na zile zing'aazo zaidi, kisha akaambatisha jina la kundi kwa Kilatini katika hali ya umilikaji. Bayer alikuwa mwanasheria. Pengine haishangazi kwamba aliyewagawia viumbe wa angani mali zao kwa herufi alikuwa mtu wa hati na mirathi.

Hali hiyo ya umilikaji haina umbo moja. Nomino zinazoishia kwa -us hupata -i: Centaurus, Centauri; Taurus, Tauri. Zinazoishia kwa -a hupata -ae: Lyra, Lyrae, Carina, Carinae. Zipo zinazobadilika hadi shinani: Leo, Leonis, Virgo, Virginis, Crux, Crucis. Pale ambapo jina lina nomino na kivumishi, vyote viwili hubadilika, kwa hiyo Ursa Major, yaani Dubu Mkubwa, huwa Ursae Majoris. Wingi nao una miisho yake: Gemini huwa Geminorum, Pisces huwa Piscium. Hapa ndipo penye mtego uliowanasa wengi. Gemini huishia kwa -i kama Centauri, lakini Gemini ni jina kamili la kundi, "Mapacha", ilhali Centauri si jina la kundi bali ni deni linalosubiri kusemwa ni la nini. Macho peke yake hayawezi kuyatofautisha maneno haya mawili. Sharti mtu ajue sarufi.

Kwa msemaji wa Kiswahili, jambo la kushangaza si kwamba Kilatini kina umilikaji, kwani lugha zote zinao, bali ni mahali kinapouweka. Kilatini humgusa mwenye mali. Centaurus ndiye anayevua -us na kuvaa -i, nayo Alpha hubaki kama ilivyokuwa. Kiswahili hufanya kinyume. Mwenye mali hukaa kimya asibadilike hata herufi moja, na kinachotawala ni ngeli ya kile kinachomilikiwa: mkia wa Nge, jicho la Fahali, nyota ya Simba, miguu ya Dubu. Nge hana sauti katika mkia wake mwenyewe. Anayeamua ni mkia.

Tofauti hii haikuwa nadharia tupu kwa wanafunzi wa Thika. Walipopewa orodha ya kujaribu, wengi wao waliandika "Alfa wa Nge", "Beta wa Simba", kwa hoja kwamba nge na simba ni viumbe vyenye uhai na viko katika ngeli ya A-WA. Walikuwa wamefikiri Kilatini bila kukijua: walimtazama mwenye mali. Ilibidi wakumbushwe kwamba alfa ni herufi, nyota nayo ni nyota, na zote mbili ziko katika I-ZI. Hivyo ni "Alfa ya Nge", hata kama nge huyo angekuwa hai na amesimama dirishani.

Lipo pia suala la mpangilio. Kwa kuwa alama ya Kilatini imeng'ang'ania mwenye mali, maneno yanaweza kubadilishana nafasi bila maana kupotea. Kiswahili hakina uhuru huo. "Ya Kantarusi alfa" ni kauli ya mshairi aliyebanwa na vina, na hata yeye atalaumiwa.

Mwalimu yule alipokuwa akitafuta majina ya makundi yenyewe, alitambua kwamba Waswahili hawakuanza kuitazama anga kwa kusubiri chati kutoka Ulaya. Mabaharia wa pwani walikuwa na Suheli, nyota ambayo chati huiita Alpha Carinae, na jina lake likawa pia jina la upande wa kusini. Walikuwa na buruji kumi na mbili kwa majina yaliyotoka Kiarabu: Asadi, Mizani, Akarabu na nyinginezo. Akarabu ni nge. Mtoto aliyesoma Kiswahili katika shule ya msingi nchini Kenya anayo akrabu ya saa, yaani ule mkono unaoonyesha wakati, wala hajui kwamba kila alfajiri anaangalia nge ukutani. Antares, ambayo kwa mtindo wa Bayer ni Alpha Scorpii, Waarabu waliiita Kalb al-Akrab, yaani moyo wa nge. Aldebaran, Alpha Tauri, ni "mfuasi", kwa sababu huifuata Kilimia. Hata Alpha Centauri ina jina la namna hiyo: mwaka wa 2016 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliidhinisha Rigil Kentaurus kuwa jina rasmi la nyota kuu ya mfumo huo, na rigil ni mguu. Mguu wa Kantarusi. Kiarabu kiliutaja mguu, Bayer akaweka herufi.

Kilimia yahitaji neno la ziada, maana ndiyo iliyompa mwalimu moyo wa kuendelea. Jina hilo halimtaji mwenye nyota hata kidogo. Mzizi wake ni -lim-, wa kulima, na umepewa kauli ya kutendea: ni kitu cha kulimia. Wazulu na Waxhosa huiita isiLimela kwa mzizi uleule, jambo linaloonyesha umri wa jina hilo katika lugha za Kibantu. Wakulima wa pwani waliihusisha na majira: ikitua wakati wa jua hutarajiwa kuchomoza wakati wa mvua, na ikitua wakati wa mvua huchomoza wakati wa jua. Bayer aliuliza nyota ni ya nani. Waliounda neno kilimia waliuliza ni ya kazi gani. Haielekei kwamba swali la pili ni duni kuliko la kwanza.

Kazi ilipofika katikati, uliibuka ubishi. Mwalimu wa fizikia alishikilia kwamba majina ya nyota ni vitambulisho tu, kama namba za magari, na kwamba haifai kuyagusa. Mtoto atakayeandika "Alfa ya Kantarusi" katika mtihani unaofanywa kwa Kiingereza, alisema, atapoteza alama, na akienda maktaba hatalipata jina hilo katika kitabu chochote. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wako wanaotafsiri kila kitu kwa pupa kisha wakawaachia wanafunzi istilahi ambazo hazikubaliwi popote nje ya darasa lao.

Mwenzake alimjibu kwa nembo. Mwalimu wa fizikia alikuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kaulimbiu yake ni Unitate et Labore. Je, alijua kwamba maneno hayo hayasemi "Umoja na Kazi"? Kama yangesema hivyo yangekuwa Unitas et Labor. Yamebadilishwa miisho ili yaseme "kwa umoja na kwa kazi": ile "kwa" imo ndani ya -ate na -ore. Maelfu ya Wakenya wamehitimu chini ya kihusishi wasichokiona. Mwalimu wa fizikia alicheka, akakiri kwamba hakujua, kisha akasema kwamba kutojua huko hakukumzuia kupata shahada.

Akaongeza hoja nyingine yenye uzito zaidi. Falaki ya leo, alisema, inaelekea kuiacha miisho hiyo. Akatoa mfano ulio karibu na nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Miongoni mwa vitu ilivyochunguza ni kile kiitwacho Centaurus X-3, wala si Centauri X-3. Jina la kundi limeachwa katika umbo lake la msingi, namba ikafuatia. Vitu vingine vinajulikana kwa namba za katalogi zinazoanza kwa 4U, na ile U ni herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, Uhuru. Kumbe Kiswahili kimo angani tayari, alisema, na hakikuhitaji a-unganifu ili kifike huko.

Hoja hiyo ilimnyamazisha mwalimu wa Kiswahili kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba ziko njia mbili za kutaja: ya kuhusisha na ya kuorodhesha. "Centaurus X-3" ni orodha: sanduku, kisha namba ya kitu ndani ya sanduku. Ruiru wenyewe una mfano maarufu wa mtindo huo. Aina ya mbegu ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko huitwa Ruiru 11. Hakuna aitwaye "kumi na moja ya Ruiru". Mahali, kisha namba, na kila mkulima wa Kiambu anaelewa. Hata hivyo mitindo hii miwili imewahi kugongana. Mwaka wa 1915 Robert Innes, mkurugenzi wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Johannesburg, aligundua nyota hafifu iliyo karibu zaidi nasi kuliko Alpha Centauri yenyewe. Jina alilolipendekeza lilikuwa Proxima Centaurus. Leo yaitwa Proxima Centauri, kwa kuwa wanafalaki hawakuridhika na nyota "iliyo karibu" kuachwa bila kuambiwa ni ya wapi. Mwisho mmoja wa neno, uliosahihishwa na matumizi, na nyota ikapata ukoo.

Suluhisho walilolifikia lilikuwa la kawaida shuleni, yaani la nusu kwa nusu. Kilatini kingeandikwa kwa herufi kubwa na Kiswahili chini yake kwa herufi ndogo. Aliyeziandika herufi hizo alikuwa msichana wa kidato cha pili, mkaazi wa Ruiru, aliyesifika kwa mwandiko mzuri. Alinakili kila kitu kwa uaminifu, na nakala ya pili akajiandikia katika daftari lake. Siku moja alisita.

"Mwalimu, huyu Kantarusi ni nani?"

Aliambiwa kwamba ni kiumbe wa hekaya za Wagiriki, nusu mtu na nusu farasi. Akaitikia kwa adabu, akaendelea kuandika. Alielezwa pia umilikaji wa Kilatini, tena zaidi ya mara moja, kwa istilahi zote: nomino, kiambishi tamati, mmiliki, mmilikiwa. Aliitikia hayo nayo. Chati ilibandikwa katika wiki ya kwanza ya Machi. Tarehe 15 mwezi huohuo ilitangazwa kwamba shule zote nchini zingefungwa kwa sababu ya korona, na mlango wa maabara ukafungwa chati ikiwa ndani.

Yaliyofuata yanajulikana na kila msomaji aliyekuwa Kenya wakati ule. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Tarehe 6 Aprili eneo la Nairobi lilizingirwa, mpaka wake wa upande huu ukiwa daraja la mto Chania mjini Thika. Thika na Ruiru zikawa ndani ya boma moja. Mji wa Ruiru, ambao sensa ya 2019 iliuhesabia zaidi ya watu 490,000, ukawa kimya kuanzia jioni. Baba wa msichana alikuwa kibarua wa kunyunyizia dawa katika shamba la kahawa, mojawapo ya yale yaliyosalia baada ya mengi kugeuzwa viwanja vya nyumba. Siku zake za kazi zilipungua, lakini hazikuisha, kwa sababu mvua za masika mwaka huo zilikuwa nyingi na mvua nyingi ndiyo furaha ya maradhi ya kahawa.

Jioni moja mwezi wa Mei mwalimu alipokea ujumbe mfupi katika simu yake.

"Habari za jioni, mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Kuna karatasi ya maelezo ya dawa baba alikuja nayo. Neno kahawa limeandikwa kahawae. Ni kosa la chapa?"

Halikuwa kosa. Ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi, ambao wakulima wa Kenya huuita CBD kwa herufi zilezile ambazo abiria wa matatu huzitumia kwa kitovu cha jiji la Nairobi, na ambao wakulima wa Tanzania wana neno lake zuri zaidi, chulebuni, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza ulimwenguni hapa Kenya mwaka wa 1922. Ndio uliosababisha hata Ruiru 11 ikatafutwa. Ukungu unaouleta ulipewa jina lake la kisayansi na Waller na Bridge mwaka wa 1993: Colletotrichum kahawae. Wataalamu hao walilichukua neno la Kiswahili, kahawa, wakaliona linaishia kwa -a kama Lyra na Carina, wakalipa mwisho unaostahili.

Mwalimu hakumweleza hayo. Alimwandikia: "Si kosa. Fungua daftari lako la nyota. Ni wapi umewahi kuona neno la -a likipata e mwishoni?"

Jibu lilichelewa kiasi cha robo saa.

"Carinae. Lyrae. Ursae." Kisha ujumbe mwingine: "Kwa hivyo kahawae ni ya kahawa. Ukungu wa kahawa." Na wa tatu: "Na Centauri ni ya Centaurus. Mbona hatukuambiwa hivyo, mwalimu?"

Waliambiwa. Lakini waliambiwa kwa mfano wa kiumbe asiyekuwapo, katika lugha isiyosemwa, kwa istilahi ambazo hata wanaozifundisha huzikariri. Kahawa aliijua. Alijua harufu yake inapochanua, na alijua nguo za babake zinavyonuka dawa. Neno lake mwenyewe lilipovishwa mwisho wa Kilatini, aliuona mwisho ule kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeitambua sauti ya nduguye katika umati wa wageni. Wanaodai kwamba Kiswahili ni kizuizi katika kujifunza sayansi wangefaa kuutafakari ujumbe ule wa tatu, na wanaodai kwamba kila neno la kigeni lifukuzwe wangefaa kuutafakari ule wa pili.

Usiku huohuo au mwingine wa karibu, mawingu yalipofunguka, msichana alitoka nje ya chumba chao akatazama kusini, juu ya mapaa ya mabati. Kutoka Ruiru, Alfa ya Kantarusi haipandi zaidi ya nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho, na mwangaza wa Nairobi uko upande huohuo. Ila ni nyota ya tatu kwa mng'ao katika anga yote ya usiku na haizimwi kwa urahisi. Yeye na jirani yake Beta huelekeza kwenye Salibu, na Mei ndiyo miezi yao. Aliripoti kwamba ameziona zote mbili. Baba yake, aliandika, amesema hizo amezijua tangu utotoni ila hakujua kama zina mwenyewe.

Wanafunzi wa kidato chake walirejea shuleni Januari 2021. Unyevu ulikuwa umeikunja chati na nusu ya herufi ndogo za Kiswahili hazikusomeka. Ilibidi iandikwe upya. Mara hii mwalimu wa fizikia hakudai herufi kubwa za Kilatini. Alikuwa amemsikiliza msichana akiwafafanulia wenzake miisho ya -ae kwa kuandika ubaoni kahawa, kahawae, kisha Carina, Carinae, na akakaa kwenye dawati la nyuma hadi mwisho. Kitambulisho ni kitambulisho, alisema baadaye, lakini ni heri mtoto ajue kilichoandikwa ndani yake. Wakakubaliana kwamba kila nyota iwe na mistari miwili ya ukubwa mmoja.

Palibaki tatizo la merikebu. Kundi kubwa la kale lililoitwa Argo Navis liligawanywa katika karne ya 18 na Mfaransa Lacaille, aliyezichunguza nyota za kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema, nalo likazaa makundi matatu: Carina, Puppis na Vela. Kiswahili, lugha ya mabaharia, hakikuhitaji kukopa chochote. Carina ni Mkuku, kwa hiyo Suheli ikawa Alfa ya Mkuku. Puppis ni Shetri. Vela, ambayo umilikaji wake ni Velorum, ni wingi: Matanga.

Neno hilo lilipotamkwa darasani, kukawa kimya. Kwa Mkenya wa bara matanga si vitambaa vya jahazi. Ni mkusanyiko wa nyumbani kwa marehemu, na mwaka uliokuwa umepita ulikuwa na mengi yaliyofanywa kwa haraka, kwa watu wachache, mengine bila waombolezaji wenyewe kufika. Mwanafunzi mmoja aliomba kundi hilo liachwe kwa Kilatini. Mwalimu alikuwa karibu kukubali.

Msichana wa Ruiru ndiye aliyependekeza liongezwe neno: Matanga ya Jahazi. Hakuna aliyepinga. A-unganifu, kile kijineno ambacho chati ya kwanza ilikiandika kwa herufi ndogo, kiliyaondoa matanga kilioni na kuyarudisha baharini, na bila mwandishi wake kujua kiliirejesha ile merikebu ambayo Lacaille aliivunja vipande. Gama Velorum ikaandikwa Gama ya Matanga ya Jahazi, umilikaji juu ya umilikaji, na mstari ukatoshea.

Ndani ya kundi hilohilo mwalimu wa fizikia aliongeza nukta moja kwa kalamu nyekundu. Ni nyota ambayo haionekani kwa macho matupu, iliyokuwa ikijulikana kwa namba HD 83443 hadi Desemba 2019, Kenya ilipopewa nafasi ya kuitaja. Iliitwa Kalausi, neno la Kijaluo la kimbunga kinachozunguka, na sayari yake ikaitwa Buru, yaani vumbi. Aliandika Kalausi, akamwuliza msichana aandike nini katika mstari wa pili. Msichana alifikiri kidogo, akasema hiyo haihitaji.